Pumu ya mtoto: jinsi tulivyoachana na safari za bodaboda usiku

Tunaishi Urambo, mkoani Tabora, na binti yangu ana pumu. Msimu wa kukausha tumbaku, moshi wa mabani (mabanda ya kukaushia) ulipotanda, kifua kilimbana usiku na tukawahi zahanati kwa bodaboda. Anapewa dawa, anapata nafuu, baada ya muda tunarudi.

Nesi mmoja ndiye aliyetufungua macho. Pampu ya bluu, salbutamol, hutanua njia ya hewa kwa saa chache tu. Uvimbe ndani ya njia hiyo hutulizwa na ya kahawia, beclometasone, nayo huvutwa kila siku hata mtoto akiwa mzima. Hapo ndipo wazazi wengi hukwama: kwa nini anywe dawa mtu asiyeumwa?

Kisha akatuonyesha jinsi ya kumvutisha mtoto dawa ya pampu kupitia chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita. Unatoboa kitako kwa waya wa moto, tundu lilingane na mdomo wa pampu, unaziba pembeni kwa plasta. Ioshe kwa sabuni, usiisuuze, iache ikauke yenyewe. Ukiisuuza, dawa hung'ang'ania kwenye plastiki. Tikisa pampu, ichomeke kwenye tundu, bonyeza mara moja, mtoto avute polepole pumzi kama tano kwenye mdomo wa chupa, ndipo ubonyeze tena. Baada ya ya kahawia, asukutue.

Jiko la mkaa tulilihamishia nje. (Bibi yake alinuna kidogo.)

Usiku sasa tunalala. Ila akishindwa kuongea, mbavu zikibonyea au midomo ikigeuka bluu, tunampa pampu ya bluu tukiwa njiani kwenda hospitali.