Safu mbili, katikati patupu

Kuna kitabu cha shule ambacho natamani kila mwalimu wa historia akishike. Kilianza kutungwa wakati wa intifada ya pili, yaani uasi wa Wapalestina ulioanza mwaka 2000, na walimu wa Kiisraeli na wa Kipalestina, chini ya Dan Bar-On, mwanasaikolojia Mwisraeli, na Sami Adwan wa Chuo Kikuu cha Bethlehem. Ukurasa una safu mbili: simulizi ya Waisraeli huku, ya Wapalestina kule. Katikati wameacha mahali patupu, mwanafunzi aandike yake.

Ugomvi unaanzia mwanzo kabisa. Waisraeli wanaanza na Ulaya ya karne ya 19, Wayahudi wanashambuliwa Urusi, hawatakiwi popote, wanaamua kurudi nchi ya mababu zao. Wapalestina wanaanza na Napoleon, jenerali wa Ufaransa, mwaka 1799, yaani Mzungu anayegawa nchi yenye wenyewe. Sisi tuliokaririshwa Mkutano wa Berlin tunaielewa haraka hiyo ya pili. Ile ya kwanza inataka mwalimu akae nayo, maana mtoto wa Tanga hajawahi kuambiwa kwa kina jinsi Wayahudi milioni 6 walivyouawa na Wanazi.

Nafundisha sekondari hapa Tanga. Wanafunzi wangu wengine wanatoka madrasa, wengine kwaya, na tangu Oktoba 2023 kila mmoja anakuja na upande wa nyumbani kwao. Siwalaumu. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo waliuawa katika shambulio la Oktoba 7, na watoto wa Gaza waliofukiwa na vifusi tumewaona sote kwenye simu. Basi klabu ya historia ilipokutana nikapiga mstari katikati ya ubao, nikachukua siku chache tu za Aprili 1948, Wayahudi na Waarabu wakipigania Palestina.

Tarehe 9, wapiganaji wa Irgun na Lehi, vikundi vya Kiyahudi vyenye silaha, waliingia Deir Yassin, kijiji cha Waarabu magharibi mwa Jerusalem, wakaua wanakijiji, wanawake na watoto wakiwemo. Tarehe 13, wapiganaji wa Kiarabu waliuvizia pale Sheikh Jarrah, mtaa wa Jerusalem, msafara wa Kiyahudi uliokuwa ukienda hospitali ya Hadassah. Walikufa zaidi ya watu 70, wakiwemo madaktari na wauguzi. Upande mmoja unalikumbuka zaidi tukio la kwanza, mwingine la pili.

Kisha nikawaandikia 254. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo idadi iliyotajwa ya waliouawa Deir Yassin. Idadi hiyo iliwafaa Irgun kwa kuwatisha Waarabu, na Waarabu waliitangaza kuamsha hasira, lakini habari zile zikazidisha hofu, watu wakakimbia vijiji vyao. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birzeit, Wapalestina wenyewe, walikusanya majina kutoka kwa walionusurika. Wakafika 107.

“Madam, kwa hiyo walikuwa wanatudanganya?” akauliza binti mmoja.

Nikamwambia, mwanangu, hao 107 ni watu, na mauaji yalitokea. Taifa lolote lina haki ya kusimulia uchungu wake, ila kuyafuta makaburi ya mwenzake au kuyaongeza, hapo nakataa. Na wanaofundisha kwamba Wapalestina wapatao 700,000 waliondoka kwao mwaka 1948 kwa hiari yao, nao nakataa.

Kazi niliyowapa ilikuwa kuandika safu ya upande wasioupenda. Mvulana mmoja aligoma, sikumlazimisha. Binti yule aliandika juu ya fundi Myahudi wa Baghdad, mwaka 1951: amenyang'anywa uraia, mali imezuiwa, anapanda ndege kwenda Israel, nchi asiyoijua, na lugha yake ni Kiarabu. Aliandika kurasa tatu, na sikuona mahali alipomdhihaki.

Kitabu chenyewe hakikupona. Wizara ya elimu ya Israel ilikizuia shuleni, na upande wa Palestina nako hakikupata kibali. Nasikitika sana kwa hilo, maana walimu wale walikutana mabomu yakilia. Muhula ujao ubao wangu unaingia vita vya 1967.