Trela lilipotoa ulimi Dakota Kusini

Tulikuwa tumeshauacha nyuma mji wa Mitchell, jimbo la Dakota Kusini hapa Marekani, tunakwenda magharibi kwa barabara kuu ya I-90, niliposikia kitu kinapiga. Pa-pa-pa-pa, kama kanga iliyosahaulika kwenye kamba siku ya upepo. Nikipunguza mwendo kinanyamaza, nikiongeza kinarudi. Binti yangu akachungulia kioo cha nyuma akasema, "Baba, trela linatoa ulimi."

Tukaingia kwenye kituo cha mapumziko cha Chamberlain, pale juu ya mto Missouri. Kuna sanamu ya chuma ya mwanamke wa Kihindi Mwekundu, inaitwa Dignity, ina urefu wa futi 50, imesimama hapo tangu 2016. Amefungua blanketi lake mgongoni, na vipande vya buluu vya blanketi hilo huchezacheza upepo ukivuma. Watoto walikimbilia kupiga picha. Mimi nikalala chali kwenye lami, uso chini ya trela, nikatazama blanketi la kwangu, plastiki inayofunika trela kwa chini, likiwa limechanika futi nne nzima.

Ndugu mlioko nyumbani, nieleze kidogo. Trela ninalolisema ni nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na pikapu: kitanda, jiko, choo, bafu. Langu lina futi 26, nililinunua mkononi kwa mtu. Chini ya sakafu kuna matangi matatu, la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo, pamoja na mabomba, nyaya na pamba ya nyuzi za kioo ya kuzuia baridi. Vyote hivyo vimefunikwa kwa chini na shiti jeusi la plastiki lenye mifereji ndani, lile lile wanalotengenezea vibao vya wagombea wakati wa uchaguzi huku. Ndilo tumbo la trela. Tunaoishi Minnesota tunalihitaji kwelikweli, maana bila hilo upepo wa baridi unagusa mabomba moja kwa moja.

Pale Chamberlain nilifanya la dharura. Nikasukuma ulimi juu, nikabandika tepu pana, nikazungushia kamba kutoka boriti ya kushoto hadi ya kulia. Tepu ilibanduka kabla hatujafika hifadhi ya Badlands, magharibi zaidi. Plastiki ya aina hii haipendi gundi, na ikiwa na vumbi na unyevu ndiyo haishiki kabisa. Kilichotufikisha ni kamba, na mwendo wa maili 50 kwa saa kwenye barabara inayoruhusu 80. Malori yalitupita kama tumesimama. Mama watoto hakusema neno, na mnajua kimya cha namna hiyo kina maana gani.

Tuliporudi Rochester nikapeleka trela kwa fundi mmoja. Akalitazama dakika tano, akataka dola 1,800 na kunitaka nisubiri wiki sita. Nikarudi nalo nyumbani.

Sasa, kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba upepo ndio uliochana plastiki. Upepo ulimalizia tu. Nilipoweka gogo mbele na nyuma ya kila tairi, nikainua trela kwa jeki kwenye fremu karibu na ekseli na kulikalisha juu ya stendi (vile vimiguu vya pembeni ni vya kuzuia trela lisitikisike, havijatengenezwa kubeba uzito wake), nikatambaa chini na kufungua skrubu chache. Nikamwagikiwa. Maji ya baridi, ya rangi ya chai, yakanishuka shingoni hadi kwenye suruali. Yakafuata mabonge ya pamba iliyolowa, mazito kama nguo isiyokamuliwa, na kiota cha panya kilichotengenezwa kwa soksi ya mwanangu mdogo.

Maji yametoka wapi? Nilijaza tangi, nikawasha pampu, nikalala pale chini na tochi. Tone. Tone. Tone. Lilitoka kwenye kiwiko cha bomba la maji baridi linalokwenda kwenye bafu ya nje, kile kibomba cha kunawia miguu kilicho ubavuni mwa trela. Hapo nikajua mwenye makosa ni nani. Kila vuli, kabla ya barafu, tunasukuma dawa ya pinki ndani ya mabomba ili yasigande na kupasuka. Nilifungua sinki, bafu, choo, kila mahali mpaka nikaona pinki. Bafu ya nje sikuikumbuka, kwa sababu hatuitumii. Maji yaliyobaki humo yaliganda, kiwiko kikapata ufa mwembamba kama unywele, na tangu majira ya kuchipua kilikuwa kinadondoshea tumboni. Pamba ikanywa, tumbo likaning'inia, vichwa vidogo vya skrubu za kiwandani vikapenya plastiki. Baada ya hapo upepo wa Dakota ulikuwa na kazi nyepesi.

Kwa hiyo kama tumbo la trela lako linalegea, usilikimbilie na tepu. Libonyeze kwanza kwa kiganja. Likicheza kama kiriba, kuna maji ndani, na ukilikaza zaidi unayafungia.

Nilibadilisha kiwiko, nikaacha kila kitu wazi siku nne na feni ikipuliza, nikatupa pamba yote iliyolowa nikaweka mpya. Matundu ya mabomba yanayopanda sakafuni, ambako panya walikuwa wanapitia, niliyashindilia steel wool, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha povu la kuziba. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi isiyo na hadithi.

Kufunga ndiko kulikonirudisha mbali. Kabla sijaja Marekani nilikuwa utingo kwenye lori la mjomba, tunabeba saruji kutoka Tanga kwenda Arusha. Somo lake la kwanza lilikuwa turubai. Alikuwa akinisimamisha juu ya mifuko na kuniambia, "Anza mbele, mwanangu. Nyuma hata ukifunga kwa uzi itafika." Tukifika Same, ambako upepo unatoka milimani kama una deni na wewe, nilikuwa naelewa kwa nini. Upepo hauhitaji mlango, unahitaji ukingo mmoja tu wa kushika.

Waliotengeneza trela langu hawakuwahi kuwa utingo. Ukingo wa mbele wa plastiki ulikuwa umeshikwa na skrubu tano kwa upana wote. Na pale shiti mbili zinapokutana, la nyuma lilikuwa limepita chini ya la mbele, mdomo wazi kuelekea kule trela linakokwenda. Nikageuza. Shiti la mbele sasa ndilo linalopita chini ya la nyuma, kama mabati ya paa yanavyolaliana ili mvua isiingie, ila hapa mvua ni upepo na paa liko miguuni.

Ukingo wa mbele niliubana kwa ubao mwembamba wa alumini unaokwenda kutoka ubavu hadi ubavu, skrubu kila inchi sita. Kwingine nilitumia skrubu zenye ncha ya keekee, kila moja na washa pana ya inchi moja na nusu, maana kichwa cha skrubu peke yake kinakata plastiki hii kama kisu. Zote ziliingia kwenye ubapa wa chini wa boriti za chuma. Na ni fupi, robo tatu ya inchi. Jirani yangu mmoja, mzee anayejua matrela kuliko mimi, alinionyesha trela lake ambalo mtu alitumia skrubu ndefu na kuifikisha moja hadi kwenye tangi la choo. Sitaeleza zaidi, huenda unakula.

Kitu kimoja ambacho kiwanda hakikuweka nimekiongeza: kidirisha cha futi moja kwa futi moja karibu na valvu za matangi, kimeshikwa na skrubu nane. Siku nyingine nikihisi unyevu sitahitaji kulichana tumbo zima. Vifaa vyote, pamoja na shiti mpya mbili za futi nne kwa nane, havikufika dola 200. Mgongo wangu sikuuwekea bei.

Mwisho wa Agosti tukarudi njia ile ile. Chamberlain nikaegesha mahali pale pale, nikatandika boksi, nikaingia chini. Mama watoto akaniuliza kutoka nje, "Lipo?"

"Lipo."

Skrubu moja ya pembeni, karibu na ngazi, ilikuwa imetoka. Nikarudishia nyingine, nikaenda kunawa mikono.