Haiku kwenye kaunta ya steshenari: madeni ndani ya mfumo wa faili

Kwa ambao hamkusoma kumbukumbu za nyuma: ninajaribu kuendesha kazi za kaunta ya steshenari yetu, hapa Nkuhungu, Dodoma, kwa mfumo endeshi wa Haiku. Sitaki kuuwasha, kusifia ikoni zake na kuuzima. Nataka ubebe kazi. Duka ni la kawaida tu: kopi, kuprinti, laminesheni, barua za maombi ya kazi, ripoti za mafunzo kwa vitendo za wanachuo wa UDOM, na siku hizi zaidi ya yote mikataba ya kuuziana viwanja. Tangu serikali ihamie huku mji umetanuka kuelekea Nala, Ihumwa na Mtumba, na kila kiwanja kikiuzwa kuna karatasi ya kuchapa, jina la shahidi la kurekebisha, kisha karatasi ya kuchapa tena.

Mashine yenyewe ni kompyuta mpakato ndogo yenye prosesa ya Atom N270, RAM ya GB 1 na betri iliyokufa kabisa. Prosesa hiyo ni ya biti 32 tu, na mifumo mikubwa inazidi kuzipa kisogo mashine za namna hii. Debian 13, toleo la Linux lililotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Haiku bado inatoa toleo la biti 32, na nyaraka zake zinataja MB 384 za RAM kuwa kiwango cha chini.

Historia nitaipita haraka. Mradi ulianza 2001 kwa jina la OpenBeOS, mwaka ambao kampuni ya Be, iliyotengeneza mfumo wa BeOS, iliuza mali zake kwa Palm. Be ndiyo ile ya mwanzilishi wake Jean-Louis Gassée, ambayo Apple nusura iinunue kabla ya kuichagua NeXT mwishoni mwa 1996. Jina la Haiku lilikuja 2004, alfa ya kwanza 2009, beta (toleo la majaribio) ya kwanza 2018, na beta ya tano Septemba 2024. Kuna wanaocheka: miaka yote hiyo bado beta? Wacheke. Nimeona programu zenye namba kubwa za matoleo zikimeza kazi ya mteja, na hii beta bado haijanifanyia hivyo.

Machi

Beta 4 ilipotoka Desemba 2022, watu wengi niliowasoma walishangilia Wine, yaani uwezo wa kuendesha baadhi ya programu za Windows. Kwa kaunta hii habari kubwa ilikuwa kiendeshi cha USB RNDIS, kitu ambacho ukisoma harakaharaka unakiruka. Maana yake ni kwamba ukichomeka simu ya Android kwa waya na kuruhusu igawe intaneti, Haiku inaiona simu kama kadi ya mtandao. Duka letu halina laini ya faiba. Intaneti yetu ni bando la simu, basi. Hotspot nayo inafanya kazi, maana kadi ya waifai humu ndani ni ya Atheros na Haiku hutumia viendeshi vya FreeBSD, mfumo mwingine huria, kupitia tabaka la upatanifu (siku hizi na vya OpenBSD pia). Ila hotspot inanyonya betri ya simu, na simu hiyohiyo ndiyo ya kupokelea malipo. Kwa waya, simu inachaji huku ikigawa.

Beta 5 ilikuja na maboresho makubwa ya TCP, kanuni za kusafirisha data mtandaoni, na upakuaji ukawa mwepesi zaidi. Nilichokipenda kuliko vyote kipo tangu beta ya kwanza: vifurushi vya hpkg. Programu ya Haiku haifumuliwi na kumwagwa diski nzima. Kifurushi kinabaki kilivyo, kimebanwa, na mfumo unakiunganisha kana kwamba vilivyomo viko kwenye folda za kawaida. Kukiondoa ni kukitoa kwenye folda tu, hakiachi mabaki. Sasisho likivuruga mambo, unashikilia Shift wakati mashine inawaka, unachagua hali ya vifurushi ya kabla ya sasisho, unaendelea na kazi. Kwa duka ambalo mteja amesimama mbele yako na pikipiki inamngoja nje, hilo ni jambo kubwa kuliko kivinjari kipya.

Matoleo ya kila usiku, yale ya majaribio yanayojengwa kila siku, siyaweki kwenye diski ya kazi. Yanabadilika mno, na kila sasisho linakula bando. Yako kwenye flashi ya pembeni, nayawasha Jumapili duka likiwa limefungwa.

Mei

Hapa ndipo mradi ulipopata sababu ya kuwepo.

Mfumo wa faili wa Haiku ni BFS, ulioandikwa upya kutoka mwanzo kwa kufuata ule wa Be uliobuniwa na Dominic Giampaolo na Cyril Meurillon. Kila faili linaweza kubeba sifa za ziada unazozitunga mwenyewe, na sifa hizo zinaweza kuwekewa faharasa, ukazitafuta bila kufungua faili hata moja. Ndivyo barua pepe zinavyokaa ndani ya Haiku: kila barua ni faili, na mtumaji, mada na hali yake ni sifa. Namba za simu za watu nazo ni hivyohivyo, kila mtu faili lake.

Nikajiuliza: kwa nini mkataba wa kiwanja usiwe hivyo? Kwenye mipangilio ya FileTypes nikatunga aina mpya ya faili, "kazi ya mteja", yenye sifa za jina, eneo, tarehe ya kuchukua na deni. Sifa hizo zinatokea kama safu kwenye dirisha la Tracker, kidhibiti cha mafaili cha Haiku, unabofya na kuandika papo hapo kama kwenye jedwali. Kisha kwenye Terminal, dirisha la kuandikia amri, nikaunda faharasa:

mkindex -t int kazi:deni

Mpangilio wa hatua una maana yake. Faharasa inapaswa kuwepo kabla ya sifa kuandikwa. Mafaili yaliyotangulia hayaingii yenyewe, unayapitisha kwenye amri ya reindex. Aina ya sifa nayo ichaguliwe kwa makini, kwa sababu bila kutaja chochote mkindex inachukulia kuwa ni maandishi, na huwezi kulinganisha maandishi kama unavyolinganisha fedha. Baada ya hapo:

query 'kazi:deni>0'

Orodha yote ya wanaodaiwa inakuja. Lakini tamu iko kwenye dirisha la utafutaji la Tracker lenyewe, kwa sababu liko hai. Nimeliacha wazi kwenye kona ya skrini. Mteja akilipa, naandika sifuri kwenye safu ya deni na faili linatoweka kwenye dirisha hapohapo. Halijahama folda, limeacha tu kukidhi sharti. Dirisha jingine linaonyesha kazi za kuchukuliwa leo. Faili moja linaweza kuonekana kwenye yote mawili, nami sijanakili chochote. Mwenye kutaka kuiga akumbuke kuuhifadhi utafutaji wake, maana ule wa muda Haiku huufuta wenyewe baada ya siku 7.

Daftari la kaunta la karatasi bado lipo. Bosi hataki liondoke, na kwa hilo simlaumu.

Juzi mama mmoja aliingia, akasalimia, akauliza: "Kaka, ule mkataba wangu wa kiwanja cha Nala upo, au nianze upya?" Nikaandika jina lake, ukatokea. "Upo mama. Na kuna elfu mbili ya kopi za mwezi uliopita." Akanitazama kwa muda. "Hiyo mashine yenu," akasema, "ina umbea." Akalipa.

Kuhusu umeme kukatika: betri imekufa, kwa hiyo ukikatika mashine inazimika hapohapo. BFS inaweka shajara ya mabadiliko, na hadi sasa kila umeme unaporudi mfumo unawaka na mafaili yako mahali pake. Ila msidanganyike. Shajara hiyo inalinda mpangilio wa mfumo wa faili, yaani majina, folda, sifa na faharasa. Yaliyomo ndani ya faili hayamo kwenye shajara. Aya uliyokuwa unaiandika na hujahifadhi imekwenda. Kuhifadhi kila baada ya sentensi chache kumekuwa tabia ya vidole.

Nakala ya akiba nayo inataka akili kidogo. Flashi nyingi zinazokuja dukani zina mfumo wa faili wa FAT, na FAT haizijui sifa za BFS. Ukiburuta faili moja kwa moja, maandishi yatafika lakini deni litabaki nyuma (wateja wangefurahi). Zip ya Haiku inazibeba sifa, kwa hiyo kila jioni nafunga folda nzima kwa zip ndipo naipeleka kwenye flashi.

Julai

Upepo na vumbi. Feni ya mashine nimeisafisha kwa brashi ya rangi, hakuna la kusimulia zaidi.

Flashi za wateja zinaendelea kuja na virusi vile vya kugeuza folda kuwa shotikati. Kwenye Haiku vinalala tu kama mafaili, havina wa kuviamsha. Nimeanza kuitumia mashine hii kama mlango: flashi inachomekwa hapa kwanza, folda zilizofichwa zinaonekana zote, natoa inayotakiwa. Wanachuo wawili waliodhani ripoti zao zimepotea walizikuta zikiwa kamili.

Yanayogoma ni haya. Printa yetu haitambuliki. Haiku ina viendeshi vya Gutenprint na vya PCL, lakini upande wa kuprinti haujapata mikono mingi, na inaonekana. Kwa hiyo kazi ya mwisho inahamia kwenye mashine ya pili, jambo linalonichefua kila siku. WebPositive, kivinjari chake, kinafungua kurasa nyepesi. Tovuti nzito za kujaza fomu nazifungulia kwenye mashine hiyohiyo ya pili. Na kuilaza kompyuta kisha kuiamsha, sahau.

Kwenye toleo la usiku la hivi karibuni padi ya kugusa ilianza kurukaruka. Nimeripoti hitilafu hiyo pamoja na /var/log/syslog, namba ya hrev (inayotambulisha hali ya msimbo) ya toleo lililokuwa sawa na ya lile lililoharibika. Hizo namba mbili ni msaada mkubwa kuliko maelezo marefu, kwa sababu mwenye kurekebisha anapunguza msimbo wa kuchunguza kuwa yaliyobadilika katikati tu. Mtu asiyejua hata mstari mmoja wa C++ anaweza kuchangia hivyo.

Kinachofuata ni kidirisha kidogo cha kuingizia kazi mpya, nitakiandika kwa yab, lugha ya BASIC inayopatikana kwenye Haiku, ili mdogo wangu anayeshika kaunta mchana asiwe anaandika deni kwenye safu ya jina. Nikikipata kikiwa kinatumika nitaweka msimbo wote hapa.