Pesa ya kwanza iende kwenye mshipi

Kama una laki mbili mkononi na unataka kuanza kuvua kwa fimbo, usizimalizie kwenye rili, ile mashine ya kukunjia mshipi. Tenga kwanza hela ya mshipi mzuri, ndoano zenye ncha kali na kipande kigumu cha mbele, kile cha kufunga kati ya mshipi na ndoano, kitakachostahimili mwamba. Kinachobaki ndicho kitafute rili na fimbo. Mimi nimekuwa nikiwaambia hivi vijana wa huku Kigamboni kwa muda mrefu, na wengi wananiona mbahili. Jumamosi iliyopita nimelisikia neno hilohilo kutoka kwa watu ambao riziki yao ni kuuza rili, wakilisema mbele ya meza iliyojaa rili. Ndiyo maana naandika.

Ilikuwa semina ya bure, upande wa Msasani, kwenye ukumbi wa hoteli. Aliyeiandaa ni muuzaji wa hapa Dar pamoja na kampuni ya Kijapani anayoletea vifaa vyake. Jina silitaji, anayetaka kununua atawapata mwenyewe. Mimi nataka tulichofundishwa kisipotee. Nilikwenda na mjomba wangu, ndugu yake mama, ambaye amevua kwa mshipi wa mkono mbele ya Mjimwema na Gezaulole tangu mimi sijazaliwa. Tulivuka na kivuko asubuhi, tukapanda daladala ya Masaki pale ng'ambo, tukafika watu ndiyo kwanza wanapanga viti.

Ukumbi ulikuwa na kila aina ya mtu. Walikuwepo wenye boti zao, walikuwepo manahodha wanaochukua wageni, familia mbili tatu za Upanga ambazo Jumapili hazikosi baharini, na vijana wanaorusha mishipi kutoka kwenye mawe ya Coco Beach. Wavuvi wa Feri, soko letu la samaki hapa Dar, sikuwaona. Hilo lilinisumbua tangu mwanzo, na nitalirudia.

Mtoa mada alitoka Mombasa. Mtu wa makamo, mikono imekomaa kwa chumvi, Kiswahili chake cha Mvita kitamu kusikiliza. Alianza kwa kumwamkia mjomba shikamoo na kumhamishia kiti cha mbele, kisha akachukua mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia nyama buchani, akaifunga kwenye nguzo. Akamwita kijana mmoja, akampa fimbo yenye mshipi wa kilo 15, yaani unaostahimili kuvutwa mpaka kilo 15, akamwambia, "Kaza breki kama unavyokaza ukienda baharini." Breki ndiyo inayoizuia rili isiachie mshipi ovyo. Kijana akakaza. Mtoa mada akashika mshipi, akauvuta kupitia mizani mpaka rili ikaanza kuachia. Mshale ulikuwa umepita kilo 9.

Akasema breki isizidi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa kilo 15, breki kilo 5, basi. Ukumbi ukanong'ona, maana wengi wetu tunakaza mpaka kidole gumba kinauma. Lakini alieleza sababu zake moja baada ya nyingine, na hapo ndipo niliposogeza kiti.

Mimi ni fundi cherehani. Kwenye cherehani kuna kile kiskrubu cha kukaza uzi; ukikizidisha, uzi unakatika hata kama ni uzi wa bei ghali, na mteja anakulaumu wewe, halaumu kiwanda. Breki ya rili ni kiskrubu kilekile. Tofauti ni kwamba huku baharini mkazo haubaki pale ulipouweka. Rili ikiwa imejaa, kibobini chake ni kinene. Kolekole akishakimbia na mita mia, kibobini kimekonda, na breki ileile uliyoipima kilo 5 sasa inahitaji nguvu kubwa zaidi kuizungusha. Unene ukibaki nusu, mkazo unakuwa maradufu. Juu yake ongeza uzito wa maji yanayoshikilia mshipi wote ulioko nje. Kwa hiyo mtu anayeona samaki yuko mbali akaongeza breki, anaukata mshipi kwa mkono wake mwenyewe. Samaki akiwa mbali, legeza.

Mjomba aliinua mkono. "Mimi sina mashine. Nguru akishika kasi namwachia upite vidoleni, akichoka ndiyo nakaza."

"Mzee wangu," akajibu yule bwana, "vidole vyako ndivyo breki. Hawa wamenunua chuma kifanye kazi hiyo, na chuma hakina hisia mpaka mwenyewe ukiwekee."

Tukaja kwenye mishipi yenyewe, na hapa nilijisikia nipo kwenye kazi yangu. Nailoni ilitangazwa na kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1938. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa nywele za mswaki, kisha zikaja soksi za kina mama. Kabla yake watu walivulia pamba, kitani na hariri, nyuzi zilizotaka kuanikwa kila jioni zisioze. Nailoni haiozi, lakini inakunywa maji na ikilowa nguvu yake inashuka kidogo, tena jua linaichosha. Mshipi uliokaa mwaka mzima juu ya bati la boti unaweza kuonekana mzima na ukakatika kwa samaki changu tu.

Mshipi wa kusuka, huu mwembamba wa rangi rangi ambao sasa kila kijana anautaka, umetengenezwa kwa polithini. Ndiyo, polithini ileile ya mifuko ya rambo tuliyopigwa marufuku Juni 2019, isipokuwa minyororo yake ya molekuli ni mirefu mno na imenyooshwa ikalala upande mmoja. Haunyooki kama mpira, kwa hiyo samaki akigusa chambo mita arobaini chini, unamsikia mkononi. Kwa unene uleule una nguvu kuliko nailoni kwa mbali sana. Ila ukigusa mwamba umekwenda. Na bahari yetu hii, kuanzia Kunduchi mpaka Kimbiji, ni miamba. Ndiyo maana unahitaji kile kipande cha mbele cha nailoni nene au florokaboni (plastiki nyingine ya kutengenezea mshipi), na ukienda kumtafuta nguru, weka kipande kifupi cha waya, kwa sababu meno yake hayabagui mshipi wa bei rahisi na wa bei ghali.

Florokaboni waliisifia sana, na sifa moja ni ya kweli kabisa: inapindisha mwanga karibu kama maji yanavyoupindisha, kwa hiyo haionekani sana. Pia ni nzito, inazama. Lakini kwa anayevulia maji ya kijivu ya mlango wa bandari, baada ya mvua, sioni haja ya kulipa bei ile. Nailoni nene inatosha. Hili ni langu, hawakulisema wao.

Saa nzima baada ya hapo ilikuwa ya mafundo, na kama wangetutoza kiingilio ningelipa kwa saa hiyo peke yake. Kila mtu alipewa kipande cha mshipi na ndoano iliyokatwa ncha. Mtoa mada akafunga fundo la kawaida kabisa, lile la kukunja mara moja na kuvuta, akalining'iniza kwenye mizani, akavuta. Mshipi wa kilo 15 ulikatika kwenye kilo 7 na kitu, palepale kwenye fundo. Akafunga jingine la kuzungusha mara tano, akalikaza likiwa kavu, haraka haraka. Hilo nalo lilikatika mapema. Akafunga tena lilelile, akalitia mate, akalikaza polepole mizunguko ikalala sawa bila kupandana. Likafika karibu na nguvu kamili ya mshipi. Fundo moja, mshipi mmoja, tofauti ni mate na subira. Ukikaza nailoni kavu, msuguano unaleta joto, na joto linaiunguza kwa ndani pale pale unapoitegemea.

Mjomba hutia mate kwenye kila fundo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni namna ya kuombea.

Mshipi wa kusuka una shida yake: unateleza. Fundo linaloshika nailoni linaweza kufunguka lenyewe kwenye mshipi wa kusuka, hivyo lazima mizunguko iongezeke. Namna ya kuunganisha mshipi wa kusuka na kipande cha mbele ilitutoa jasho. Unausuka juu ya nailoni, huku na huku, mara ishirini hivi, nailoni yenyewe ikiwa imenyooka bila kukunjwa, ndiyo sababu ungio linabaki jembamba na linapita kwenye pete za fimbo bila kukwama. Vidole vyangu vimezoea uzi, nikalipata upesi, nikaanza kuwasaidia wa jirani. Mama mmoja wa Upanga alilifunga vizuri kuliko wote. Alipoulizwa, akasema yeye husuka ukili.

Baada ya chai na sambusa zikaja ndoano, na hapo mjomba akabisha. Walituonyesha ndoano ya duara, ambayo ncha yake imegeukia ndani. Wanasema usishtue mshipi samaki akila. Acha aondoke nayo, mshipi ukaze wenyewe, na ndoano itateleza kutoka kooni mpaka pembe ya mdomo, ishike hapo. Samaki anayerudishwa majini anakuwa na nafasi kubwa ya kuishi, na ndiyo maana wale wa African Billfish Foundation kule Kenya, wanaowafunga sulisuli alama na kuwaachia, wanazihimiza. Mjomba akasema samaki anayelengwa kuliwa hana haja ya kushikwa kwa adabu, na kwamba chewa asiposhtuliwa mara moja anaingia pangoni, humtoi. Mtoa mada hakumkatalia. Alisema kwa chewa wa mwambani mzee ana hoja, ila kwa kolekole na nguru ajaribu. Mimi nadhani wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwenye maji yake.

Kuna jambo moja lilinikera. Kwenye skrini walileta picha ya mtu anarusha chambo bandia kuelekea mwamba wa Mbudya, na maneno ya kutuhamasisha twende. Nahodha mmoja wa boti za wageni akasimama, akasema kwa utulivu kwamba Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, na ndani yake haruhusiwi mtu kuvua, awe na fimbo ya milioni au mshipi wa kwenye kopo. Watu walimpigia makofi. Muuzaji aliiondoa picha papo hapo na kusema haitatumika tena. Nashukuru aliondoa, lakini picha kama hiyo haikupaswa kufika ukumbini. Tumeona baruti ilivyofanya mwamba ukawa vumbi. Sehemu chache zilizobaki za samaki kuzaana tusizifanye mahali pa kujaribia vifaa.

Meza ya bidhaa naipita haraka. Fimbo za kaboni ni nyepesi, nzuri, na bei yake ni kodi ya fremu yangu ya duka kwa miezi. Chambo bandia zilikuwa ukuta mzima, zinang'aa. Nilimkumbusha kijana aliyenisogezea moja kwamba Mfini Lauri Rapala alichonga chake cha kwanza mwaka 1936 kwa koki, akakivika karatasi ya kung'aa ya chokoleti na filamu ya picha iliyoyeyushwa. Alichokuwa amekiona ziwani ni kwamba samaki mkubwa humchagua yule mdogo anayeyumba vibaya. Mwendo ndio uliovua. Kijana akacheka, akaniuliza kama nauza.

Swali langu lilikuwa la kuosha rili. Walisema ikitoka baharini kaza breki kwanza ili maji yasiingie kwenye vishikio vyake, inyunyizie maji yasiyo na chumvi bila kasi, usiitumbukize kwenye ndoo, kisha ifute na ulegeze breki kabla ya kuihifadhi. Nikauliza: na sisi wa Kigamboni ambao visima vyetu vingi ni vya chumvi? Kuosha chumvi kwa chumvi kunasaidia nini? Mtoa mada alikaa kimya kidogo, akasema kwao Mombasa wanakinga maji ya mvua kwa kazi hiyo. Basi wenzangu wa Mjimwema, wekeni dumu moja la maji ya mvua au ya bomba, la rili tu. Ukiosha kwa maji ya kisima, kausha kwa kitambaa na upitishe kitambaa chenye maji mazuri, hata kikombe kimoja kinatosha.

Tulipoondoka, mjomba alinunua pakiti moja ya ndoano za duara na bunda la nailoni nene. Mimi nilichukua mshipi wa kusuka na kipande cha mbele. Rili hatukununua.

Kwenye karatasi ya maoni niliandika hivi: semina ya pili ifanyike Feri, baada ya mnada wa asubuhi, wavuvi wakiwa bado pale na mishipi yao. Chukueni mizani ileile ya buchani, chukueni vipande vilevile vya mshipi, acheni skrini. Watu wanaoingia baharini kila siku kwa ngalawa ndio wanaopoteza chakula cha nyumbani fundo likikatika, na hakuna aliyewaalika Msasani. Muuzaji aliisoma nikiwa nimesimama pale, akaniuliza nani atazungumza nao pale sokoni ili wapewe nafasi. Nimemwambia mjomba na mimi tutaliongea na viongozi wa wavuvi wiki hii. Wakikubali, siku nitaitangaza hapa.