Filamu nne za wezi, na cherehani ya mama

Wiki mbili hizi mvua imeishika Tanga, wateja hawaji kupimwa nguo, na umeme ukiwepo jioni mimi na baba tunatazama filamu. Mpwa wangu alinijazia flashi, za zamani na za sasa zimechanganyika. Nne za kwanza zote zikawa za wezi. Nami wezi siwapendi hata kidogo; fundi yeyote aliyewahi kuamka akakuta kufuli limekatwa atanielewa.

Awaara aliichagua baba. Ni ya mwaka 1951, ya Raj Kapoor, na baba aliiona ujanani pale sinema ya Majestic. Wimbo wa Mukesh anauimba mwanzo hadi mwisho bila kujua neno moja la Kihindi. Kisa ni cha jaji anayeamini kuwa mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, asijue kuwa kijana anayemdharau ni damu yake mwenyewe. Jaji yule ameigizwa na Prithviraj, baba mzazi wa Raj Kapoor, na walipokuwa wanatazamana mahakamani nilijisikia kama nachungulia dirisha la watu. Kofi analopigwa Nargis, mwigizaji mkuu wa kike, sikulipenda. Baba alisema zamani watu walicheka pale. Safari hii hakucheka.

Nairobi Half Life (2012) ilikwenda haraka. Mwas anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, na siku ileile anayofika Nairobi anaporwa kila kitu. Joseph Wairimu ana uso unaokwambia mambo kabla hajafungua mdomo. Baba alinichosha kwa kuniuliza maana ya Sheng, lakini Mwas alipolazimishwa kusafisha kile choo cha mahabusu alinyamaza kabisa.

Shoplifters ya Hirokazu Kore-eda, iliyoshinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2018, ndiyo iliyoanza kunisumbua. Familia ya Kijapani imebanana kwenye nyumba ya bibi. Wanaishi kwa pensheni ya bibi, kwa vibarua, na kwa kuiba madukani. Baba na mtoto wana ishara zao za vidole kabla ya kuchomoa kitu. Usiku mmoja wa baridi wanamkuta binti mdogo ameachwa nje kwenye roshani, wanamchukua. Nilikuwa nimeshawahukumu wote. Ndipo wakafika bafuni: binti anaona kovu la pasi mkononi mwa Nobuyo, mama wa nyumba ile, na yeye analo lake. Nobuyo hufanya kazi kwa dobi. Mimi nina makovu matatu ya pasi, najua la pasi iliyoteleza linavyokaa. La mtoto yule halikuwa la kuteleza. Nilisimamisha filamu nikaenda kuchemsha chai.

Halafu kuna mzee mwenye kiduka, anayejua siku zote kwamba Shota, yule mtoto wa kiume, anamwibia. Hapigi kelele. Anampa peremende na kumwambia asimfundishe mdogo wake kazi hiyo. Nilikuwa bado namuwaza mzee huyo tulipoweka ya nne.

Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, ya Vittorio De Sica, mwaka 1948. Roma baada ya vita, kazi hakuna. Antonio anapata ya kubandika mabango, sharti awe na baiskeli, na yake iko rehani. Mkewe Maria anavua mashuka kitandani, mashuka aliyokuja nayo alipoolewa, anayafua na kwenda kuyaweka rehani ili baiskeli irudi. Mfanyakazi analipokea furushi, anapanda nalo rafu moja juu ya nyingine, na huko juu yamejaa mafurushi ya mashuka ya watu hadi karibu na dari. Ninayekunja vitambaa kila siku, hapo nilishindwa kupumua vizuri. Kila furushi ni godoro la mtu limebaki tupu.

Siku ya kwanza kazini, baiskeli inaibwa. Antonio anamshika mkono mwanawe Bruno, wanazunguka sokoni kutafuta fremu, magurudumu, hata kengele. Nikamtazama baba, naye alikuwa ameshanitazama.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Cherehani aliyoniachia marehemu mama iliibwa, na mimi na baba tulizunguka gulio zima tukiitafuta. Ua moja la dhahabu ubavuni lilikuwa limebanduka, mama akaliziba kwa rangi nyekundu ya kucha. Kwenye meza ya kijana mmoja niliiona rangi ile. Nilipiga ukelele. Watu wakaanza kusogea, mmoja tayari ana jiwe mkononi. Baba aliligusa gurudumu, akalizungusha mara moja, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Siyo yenyewe." Akanishika mkono tukaondoka. Ushonaji nilijifunza kwa cherehani ya jirani, na kwa miaka mingi nilimchukulia baba kuwa mwoga.

Mwishoni mwa filamu Antonio mwenyewe anaiba baiskeli. Anakamatwa, anapigwa vibao barabarani, Bruno analia. Kofia ya baba yake imeanguka. Mtoto anaiokota na kuipangusa vumbi. Mwenye baiskeli anamwona mtoto, anasema mwacheni.

Baba alikaa kimya mpaka maandishi ya mwisho yakapita.

"Chini ya meza palikuwa na mtoto amelala," akasema. "Wewe ulikuwa unaangalia cherehani."

Kisha akaniuliza ya kesho ni ya nchi gani.