Siku moja maishani mwangu: kutoa chumvi kwenye zege, Muscat

Saa kumi na moja alfajiri gari lishafika getini. Huku Juni mpaka Agosti, saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu hairuhusiwi kufanya kazi juani, ni sheria, so asubuhi ndo mali.

Saa kumi na mbili tupo saiti. Jengo liko karibu na bahari, nguzo za nje zimepasuka wima, plasta inabanduka. Sio mzigo uliozipasua, ni nondo za ndani, maana kutu inachukua nafasi mara mbili mpaka sita ya chuma chenyewe, sasa zege litafanyaje? Na kilicholeta kutu ni chumvi, imepenya kidogokidogo mpaka ikazifikia nondo.

Naanzia kwenye rektifaya, mashine inayogeuza umeme wa kawaida kuwa DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, nasoma volti na ampea za kila zoni, yaani kila sehemu ya nguzo tuliyoiunganisha peke yake. Nondo tumezifunga kwenye hasi, nje ya nguzo kuna wavu wa titani kwenye chanya, umefunikwa nyuzi za selulosi zilizoloa maji ya chokaa. Ni DC, hatuvuki volti 40, tunalenga kama ampea 1 kwa mita ya mraba. Kloridi, ile sehemu ya chumvi inayoleta kutu, ina chaji hasi, kwa hiyo nondo inaifukuza na wavu unaivuta nje, na hapohapo kwenye nondo inazaliwa alkali mpya, kinyume cha asidi, ndo inayozuia nondo isishike kutu, yaani ile kinga ya zege inarudi bila kubomoa nguzo. Naipenda sana hii kazi kwa sababu hiyo.

Saa nne zoni moja ampea zimeshuka. Nagusa nyuzi, kavu! Upepo wa huku hauna huruma. Tunamwagia kuanzia juu polepole mpaka maji yachuruzike wavu wote, kisha napima pH, kipimo cha asidi na alkali, maana upande wa wavu unatengeneza asidi na ikizidi inatoka gesi ya klorini, hiyo sio ya kuchezea.

Mchana tupo kivulini, mzee anayesimamia jengo, Mwomani mzaliwa wa Unguja, anakuja kukaa nasi. Shikamoo, marahaba, halafu: "Mwanangu, si mngebandua mkapiga plasta mpya tu?" Nikamwambia babu, ukiziba hapa, chumvi iliyobaki pembeni inakula nondo pale kiraka kinapoishia. Kwetu Tanga nimeyaona sana hayo, watu wanapiga plasta na rangi juu ya kutu, haichukui muda ufa umetoka pembeni yake.

Boriti za juu zina nyaya za chuma zilizovutwa, hizo hatuzigusi na umeme kabisa, haidrojeni inayotokea pale inaweza kuzifanya zikatike ghafla.

Saa kumi nazima zoni moja, natoboa na drili, nakinga unga wa zege kwa kila kina kwenye mfuko wake uende maabara kupimwa kloridi, ule wa jirani na nondo ndo naoutaka zaidi. Kazi hii kawaida ni wiki sita mpaka nane na bosi ashaanza kuuliza kama tunaweza kuzima mapema. Nimemjibu tungoje maabara, kloridi ikiwa bado juu ya asilimia 0.4 ya uzito wa saruji, hatuzimi.