Planshi 30

Hii kitu ilitokea Goma, Kongo, mwaka wa 2002, miezi michache baada ya volkano ya Nyiragongo kutapika tarehe 17 Januari. Lava ilipita mtaani kwetu Virunga ikabeba nyumba yote, sisi tulikuwa tumekimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, kurudi hata pale mlango ulipokuwa hatupaoni, ni jiwe jeusi tu mpaka barabarani. Papa akasema hahami. Juu ya lile jiwe fundi akatujengea kichumba cha mita 3 kwa 3, chini planshi (mbao), juu shitingi (turubai), tukawa tunalala humo watu saba, tumepangwa kama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu.

Baadaye Papa akapata pesa kidogo akataka chumba cha maana, mita 6 kwa 6. Akaniita, maana nilikuwa darasa la sita na pale nyumbani miye njo nilikuwa mtu wa mahesabu (sijui nani alinipa hicho cheo). "Kile kidogo kilikula planshi 15 chini. Hiki kitakula ngapi?" Sikufikiri hata kidogo. Nikamwambia 30, Papa, tatu imekuwa sita, ni mara mbili.

Sasa mjue kwamba juma hilohilo mwalimu alikuwa amenipa sifuri kwa sababu niliandika 6 kare (yaani 6 mara 6) ni 12 na rasini kare ya 36 (namba ikijizidisha yenyewe inatoa 36) ni 18, nikarudi nyumbani nikasema ananichukia. Kichwani mwangu kare ilikuwa kuzidisha kwa mbili na rasini kugawanya kwa mbili, basi. Ubaya ni kwamba mfano wa kwanza ubaoni ulikuwa 2 kare, na hiyo ni 4 ukipita njia nzuri ao mbaya, nikashika ile mbaya nikaona naelewa.

Planshi 30 zikafika na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, kila moja mita 3 urefu na santimeta 20 upana. Kabla ya kupigilia, fundi akavuta metre yake ya kupimia toka kona moja hadi kona ya ng'ambo, halafu zile kona zingine mbili, aone kama chumba hakijapinda, zote zikatoa mita 8 na santimeta 48 na nusu, akaandika kwa kalamu ukutani. Akaanza kupigilia, mbili mbili kwa mustari. Mustari wa 15 ukaisha katikati ya chumba. Nusu mbao, nusu jiwe.

Papa akaniangalia. Hakusema kitu, na hiyo njo mbaya zaidi.

Fundi akachukua kipande cha makala (makaa), akachora kile kichumba chetu cha zamani kwenye mbao mpya. "Ukivuta huku, unaongeza kimoja." Akachora cha pili pembeni. "Lakini si umevuta na huku chini?" Akaongeza vingine viwili. Vinne. 3 kare ni 9, 6 kare ni 36, na 9 inaingia mara nne mule, kwa hiyo planshi ni 15 mara 4, ni 60. Miye nilivuta upande mmoja tu, ule wa pili nikausahau.

Halafu akaniuliza kama shuleni wanaweza kupata ile 8 na 48 bila metre. Nikachukua makala, kwa kuona haya tu. Kona hadi kona, kare yake ni kare za pande mbili pamoja: upande kare ni 36, na wa pili 36, jumla 72, sasa natafuta namba gani ikijizidisha yenyewe inatoa 72. 8 inatoa 64, 9 inatoa 81. 8,5 inatoa 72,25, imepita kidogo. 8,48 haifiki, 8,49 inapita. Nikatazama ukutani, nikatazama makala, kumbe rasini ni urefu wa kitu, unaweza kuuvuta na metre! Wenzetu wa Tanzania wanasema kipeuo cha pili, siku hiyo jina lolote lingenitosha.

Papa alisema zile 30 zingine zitangoja mwezi kesho. Mama akaleta mbabula yake (jiko la makaa) akaitua upande wa jiwe, akasema afadhali, hapa moto hautaunguza mbao za watu.